Mwaka Nilipokataza Salamu

Tulimzika Mwalimu Klementi huko Kerege, Jumanne, kabla jua halijawa kali. Padri alikuwa amekwisha kubariki kaburi na vijana wameshika kamba za jeneza, ndipo mwanamume mmoja wa makamo alipochomoka kwenye umati, akarukia ndani ya kaburi na kujilaza chali, mikono kifuani. Akasema hatoki. Akasema marehemu alikuwa hamali wao, wa ukoo mzima wa Mwinyimvua, na hamali hapumziki kabla hajatua mizigo ya watu. Wajukuu waliokulia mjini walishtuka, mmoja akatoa simu apige picha, lakini sisi wazee tulicheka, maana tunaujua utani wa Wazaramo na Wanyamwezi, na tunajua kwamba mtu asiyechekwa na watani siku ya kuzikwa ni kama hakuishi na watu. Alitolewa kwa jogoo mmoja na maneno matamu. Mimi nilicheka na wengine, kisha nikashindwa kuacha, kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, mpaka mjukuu wangu akanikalisha kwenye kiti cha plastiki akaanza kunipepea kwa upindo wa kanga. Alidhani ni uchungu wa kumpoteza Mwalimu. Ulikuwepo. Lakini zaidi nilikuwa nakumbuka kwamba nilipokuwa na miaka ishirini na miwili niliwahi kuwakataza watu wawili wasitaniane: huyu tuliyekuwa tunamzika, na babu wa yule aliyelala kaburini. Nilipiga marufuku hiyo kwa taipu, nikaibandika ukutani kwa gundi ya unga wa ngano.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Mkoa uliamua kwamba sherehe ya mwaka ule ifanyike Bagamoyo, na kwamba iwepo halaiki: watoto wa shule mia nne, kutoka mjini, Kerege na Makurunge, wakijipanga uwanjani maumbo ya jembe, nyota na mnara kwa mdundo wa ngoma. Mimi nilikuwa karani wa taipu katika ofisi ya Ndugu Mhina, afisa aliyekabidhiwa maandalizi. Alikuwa amekuja mtaalamu wa kigeni kutufundisha, na mtaalamu huyo alikuja na sanduku la mbao lenye mitambo. Wiki ya tatu akaitwa kwao ghafla, akaondoka na sabuni yake na miswaki yake, akaacha sanduku. Ndugu Mhina alifunua, akatazama, akafunika. Akasema likae stoo ya shule hadi atakapopatikana mtu anayejua. Nikasema mimi nitajua. Sikuwa najua hata kubadilisha balbu. Nilikuwa tu mtu ambaye hawezi kulala kama kuna kitu ndani ya nyumba ambacho hakijapangwa, na sanduku lile lilikuwa halijapangwa.

Stoo ile naiona hadi leo kuliko ninavyoiona sebule yangu. Majembe ya shule yameegemezwa kona moja, magunia ya chokaa kona nyingine, na katikati meza ya mwalimu yenye mguu mmoja mfupi uliotiwa kipande cha kifuu cha nazi. Nilipanga kila kitu juu ya kanga niliyoitandika. Kisanduku kikuu cha bati, kizito kama tofali, chenye soketi mbili ubavuni. Visanduku viwili vidogo vya kufunga kiunoni kwa mkanda, kila kimoja na kitufe cha kubonyeza ukitaka kusema. Hedifoni tatu, nazo zina kijiti kinachozunguka hadi mbele ya mdomo na maikrofoni nchani. Waya mweusi, mkunjo juu ya mkunjo, mrefu kushinda uwanja. Kulikuwa na kitabu, kwa lugha ambayo hakuna mtu hata misheni aliyeitambua, lakini kilikuwa na michoro. Nikaisoma michoro. Nilinakili kila mchoro kwa kalamu ya risasi mara tatu, na nikikosea mstari mmoja nilirudia ukurasa mzima. Nilijifunza kutia lihamu, ile risasi ya kuyeyusha inayoshikanisha nyaya, kwa kuunguza vidole na kuharibu waya wa redio ya mjomba wa rafiki yangu. Chakula cha mchana, mihogo ya nazi kutoka kwa mama mmoja wa mtaa wa Dunda aliyeuza nje ya lango la shule, nilikula nimesimama, nikiogopa mafuta yasiingie kwenye plagi.

Siku ya kwanza niliyounganisha betri ya gari kwenye kisanduku kikuu, nilikuwa peke yangu na Mwalimu Klementi. Yeye ndiye alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, mwembamba, mpole, wa kutoka Tabora, na ndiye aliyekuwa akijenga ule mnara wa watoto. Nilimpa kisanduku kimoja, nikamvisha hedifoni, akaondoka na waya ukimfuata hadi kwenye goli la mbali. Nikamwona mdogo kama kidole. Nikavaa yangu. Kwanza palikuwa na kimya cha ajabu, kimya chenye upana, kama umeweka sikio kwenye mlango wa nyumba kubwa. Kisha mtu akapumua ndani ya kichwa changu. Si karibu yangu, bali ndani. Nilimsikia akimeza mate. Nikasikia ulimi ukiachana na kaakaa, halafu sauti, ndogo, bila upepo, bila uwanja, ikisema, "Dada Rukia, mimi huku nakuona umeshika meza." Nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili kweli. Nimeona mengi tangu siku hiyo, na wajukuu wangu wanaongea na watu wa ng'ambo kwa video wakila chipsi. Lakini mtu aliyeko mbali kupumua ndani yako, na wewe ukajua kwamba hana habari kuwa anasikika akipumua, hicho sijakizoea hata sasa. Nilivua hedifoni nikaziweka mezani polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

Kituo kingine kilikuwa cha ngoma. Ndugu Mhina hakutaka wageni wapigwe ngoma usoni, kwa hiyo wapigaji kumi na wawili waliwekwa nyuma ya jukwaa la wageni, nyuma ya ukuta wa makuti, ambako hawakuona chochote cha uwanjani. Ndiyo maana mtambo ulihitajika. Mwalimu aliyesimama chini ya mnara aniambie, mimi mezani kando ya jukwaa niwaambie wapiga ngoma. Kiongozi wao alikuwa Mzee Mwinyimvua wa Dunda, ambaye watoto wote wa halaiki walimwita Babu, mwenye umri wa babu yangu, Mzaramo mwenye mabega ya kijana na meno machache. Nilimfunga mkanda kiunoni, nikarudi mezani, nikabonyeza kitufe. "Kituo cha tatu, jibu." Kimya. Nikakagua plagi. "Kituo cha tatu, jibu." Kimya. Nilikuwa nimekwisha kuanza kufungua parafujo aliposema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akisikia tangu mwanzo, "Mwanangu, hapa hakuna kituo cha tatu. Hapa pana mtu mzima." Nikasema shikamoo mzee. "Marahaba. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo? Haya, sema unalotaka."

Basi hivyo ndivyo tulivyofanya kazi miezi miwili. Hakuna neno lililopita kwenye waya bila salamu mbele yake. Mwalimu naye akamwamkia, na Mzee alipoitikia tu na kusikia lafudhi, akauliza, "Wewe ni Mnyamwezi?" Mwalimu akakiri. Nikamsikia Mzee akivuta pumzi kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea. Akamuuliza mizigo ya babu zake ameitua wapi, maana wao huku pwani bado wanaingoja. Mwalimu, mpole yule ambaye hakuwahi kupaza sauti darasani, akamjibu kwamba mizigo imefika zamani, ila wenyewe walikuwa wamelala chini ya minazi wakisubiri nazi ziwaangukie mdomoni. Kuanzia siku hiyo hawakunyamaza. Mzee alikifunga kitufe chake kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili kikae kimebonyezwa na mikono ibaki huru kwa ngoma, na hivyo masikioni mwangu mlikuwa na kikohozi chake, na tumbaku yake akiitafuna, na matusi yake kwa Mnyamwezi, kutwa. Alisema watoto wa mnara wanatetemeka kwa sababu wamefundishwa na mtu aliyezoea kubeba, si kusimama. Mwalimu alisema ngoma inachelewa kwa sababu mpigaji anaota wali. Walikuwa hawajawahi kula pamoja. Mmoja alikuwa wa msikitini na mwingine wa kanisani. Na sikuwahi kusikia watu wakipendana namna ile.

Nakiri kwamba iliniudhi. Niliona mtambo safi, wenye michoro iliyonyooka, ukijazwa makapi. Siku moja kwenye mazoezi, wakati mnara umesimama na mtoto aitwaye Tatu yuko juu, Mwalimu alicheka neno la Mzee akachelewa kusema ngoma isubiri, nayo ikafunga kabla ya wakati. Tatu alikuwa mtoto wa darasa la tatu, mwepesi kama unyoya, ndiye aliyesimama juu kabisa, juu ya ghorofa tatu za wavulana. Desturi ya mnara ilikuwa hivi: akifika juu anapunga bendera, ngoma inapiga kipimo chake, kisha, isipoambiwa isubiri, inafunga kwa mapigo matatu mazito, na kwenye pigo la tatu Tatu anajiachia kinyumenyume na kudakwa na mikono minane. Hatazami nyuma. Anasikiliza ngoma tu. Siku ile hakudhurika, lakini Ndugu Mhina alikuja mezani kwangu akauliza, mbele ya watu, kama huu ni mtambo au kijiwe cha kahawa. Alikuwa ameniahidi barua ya kwenda Dar es Salaam kusomea ufundi wa mitambo ya sauti endapo kazi itakwenda sawa. Nikarudi ofisini, nikaweka karatasi kwenye taipu. Kwenye waya hakuna salamu. Kwenye waya hakuna utani. Ukipewa amri, tekeleza, usijibu.

Mzee Mwinyimvua alisimama mbele ya karatasi ile stoo, mikono nyuma. Alisoma Kiarabu vizuri, lakini si herufi hizi. Akaniomba nimsomee. Sijui kama nimewahi kufanya jambo gumu kuliko kumsomea mzee yule kwa sauti kwamba asisalimiwe. Aliposikia yote, akauliza kama niliandika mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akaitazama tena, akasema, "Herufi zimenyooka," akatoka. Nami nikaenda nikautoa ule mpira wa baiskeli kwenye kitufe chake.

Wiki tatu waya ukawa kimya, nami nikajivunia. Natamka amri, ngoma inatii. Ndugu Mhina alileta wenzake wa mkoani waje waone binti aliyeleta nidhamu. Ila kulikuwa na dosari moja iliyoninyima usingizi. Mara kwa mara, bila mpango, nilisikia mlio mdogo, tik, kama ukucha unagonga bati. Baada ya muda, tik tik. Nikajua ni waya. Nilikagua plagi zote, nikazisafisha kwa mafuta ya taa, nikatia lihamu upya. Tik. Nikabadilisha betri. Tik tik. Nilitembea juu ya waya mzima kwa magoti, nikiupapasa kama anayetafuta mshipa. Jioni ya kuamkia sherehe nikaamua kwamba kosa liko pale unapopita chini ya lango wanapoingilia watoto, kuelekea kwenye ngoma, ambapo ganda lilikuwa na mkwaruzo. Nikakata. Nikatoa kipande. Lihamu ilikuwa imeniishia, kwa hiyo nikasokota nyuzi kwa mkono, nikazungushia tepu vizuri sana, nikafukia kwenye mchanga, nikausawazisha hata mimi mwenyewe nisijue ni wapi. Asubuhi nilijaribu vituo vyote. Kila mtu alinisikia. Kisha wakapita watoto mia nne juu ya mahali pale, wakikanyaga kwa pamoja, kushoto, kulia.

Na tik ikakoma. Hiki ndicho ninachotaka kukisema bila kukipamba: nilifurahi. Nilikaa mezani kando ya wageni, jembe likajipanga na kujipangua, nyota ikajipanga na kujipangua, hizo hazikuhitaji amri kwa kuwa zilikwenda kwa hesabu, na masikioni mwangu mlikuwa na kimya kisicho na hata punje. Nikawaza, sasa umekamilika. Ulikuja mnara. Nikawaona wavulana wakipanda, ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, na Tatu akipita mabegani mwao kama anayepanda ngazi za nyumbani. Akapunga bendera. Uwanja mzima ukavuta pumzi. Hapo sauti ya Mwalimu ikanijia, chini, haraka: "Bado. Goti la Hamisi, ghorofa ya kwanza, linateleza, wadakaji wangu wawili wamemshikilia. Ngoma isifunge." Nikabonyeza kitufe. Nikasema kituo cha tatu endelea, usifunge. Hakuna aliyejibu, na nilikuwa nimekataza watu kujibu. Mwalimu akauliza, "Rukia, amesikia?"

Nikasema, "Amesikia."

Sikuwa najua. Ningeweza kusema sijui. Lakini mtu wa namna yangu haliwezi neno lile.

Nikahesabu kipimo. Kilipofika mahali pa kufunga, ngoma ikaendelea. Nikapumua. Nikajipongeza, Mungu anisamehe, nikajiambia unaona, amri imefika. Ngoma ikaenda kipimo cha pili, cha tatu. Mkono wa Tatu ulianza kuchoka na bendera ikashuka hadi begani. Mwalimu akasema wamemsogeza Hamisi, wadakaji wamerudi, tayari, afunge. Nikasema funga. Ngoma ikaendelea. Nikasema tena funga. Ikaendelea vilevile, tulivu, bila kuharakisha wala kulegea. Ndipo nikaelewa. Kama hakusikia funga, basi hakusikia usifunge pia. Hakuwa amesikia chochote. Mtoto yule alikuwa amekaa juu angani huku mikono ya kumdaka haijatimia, na kilichomzuia asijiachie hakikuwa mimi.

Nilivua hedifoni nikakimbia. Nilipita nyuma ya viti vya wageni, kiatu kimoja kikabaki huko, nikazunguka ukuta wa makuti. Mzee alikuwa katikati ya wenzake, macho amefumba, jasho likidondoka kidevuni, vijana ubavuni mwake wakimtazama kwa wasiwasi maana kipimo kilipita zamani. Nilimgusa bega. Akafumbua macho. Sauti haikuwa na faida pale, kwa hiyo alinyanyua kidevu tu, akiuliza. Nikaitikia kwa kichwa, mara mbili. Akayapiga yale mapigo matatu. La kwanza. La pili. La tatu. Ngoma kumi na mbili zikanyamaza kwa pamoja, na sisi nyuma ya makuti hatukuona kitu. Kwa muda fulani hapakuwa na sauti yoyote duniani. Kisha uwanja ukalipuka kwa vigelegele, na Mzee Mwinyimvua akakaa chini mchangani ghafla, kama aliyekatwa kamba.

Nilipiga magoti mbele yake. Nikamuuliza amejuaje asifunge. Akashika maikrofoni iliyokuwa mbele ya mdomo wake, akabonyeza kitufe, akaigonga kwa ukucha. Tik. "Hiyo ndiyo matusi," akasema. "Umetukataza maneno, hukutukataza kucha. Mimi namgongea mara moja, namwita hamali. Yeye ananigongea mara mbili, ananiita mvivu. Leo nimegonga wakati wa jembe, kimya. Nimegonga wakati wa nyota, kimya. Mwanangu, Mnyamwezi yule hajawahi kuniachia neno la mwisho. Nikajua hayuko. Na kama hayuko, nitafunga kwa ruhusa ya nani?" Nikamwambia waya niliukata mimi. Nikamwambia kwamba Mwalimu aliniuliza kama yeye Mzee amesikia, nami nikasema amesikia. "Hilo usiniambie mimi," akasema. "Kamwambie aliyekuuliza."

Njiani nilikutana na Ndugu Mhina, uso umemng'aa. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema wageni wamestaajabu jinsi ngoma ilivyorefushwa, wamedhani ni ufundi, na barua yangu ya Dar ataitia sahihi kesho. Nilikuwa na kiatu kimoja. Ningeweza kusema asante ndugu na kupita. Nikamweleza: waya, tepu, neno nililosema. Nilimweleza vibaya, nikirudia rudia, mpaka mikono yake ikalegea ikaniachia. Barua ilikwenda kwa mtu mwingine. Ufundi wa mitambo ya sauti niliendelea kujifunza mwenyewe, kwa michoro, na mpaka leo kuna mambo ya msingi ambayo mtoto wa chuo anayajua na mimi siyajui.

Mwalimu Klementi alikuwa ameketi kwenye nyasi chini ya goli, hedifoni shingoni, miguu ameinyoosha kama mtu aliyetoka safari. Tatu alikuwa kando yake akimenya chungwa kwa meno. Nikasimama mbele yao nikasema yote, mbele ya mtoto, kwa kuwa niliona yeye ndiye mwenye haki zaidi ya kusikia. Nilipofika kwenye neno "amesikia", Mwalimu aliinamisha kichwa, akavua hedifoni shingoni, akaziweka kwenye nyasi. Hakunisamehe siku ile, na sikumwomba. Nikamgeukia Tatu nikamwambia anisamehe, kwamba alikaa kule juu muda wote ule peke yake, bila mtu anayejua kwamba amri haifiki.

Alitema mbegu ya chungwa, akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipumbavu.

"Peke yangu vipi?" akasema. "Babu alikuwa anapiga."